Dawa ya minyoo ya kujikuna usiku: ununue ipi, na vidonge vingapi

Saa tano usiku, tochi ya simu mkononi, binti yangu wa miaka saba amelala fofofo kifudifudi. Jirani ndiye aliyeniambia nimchungulie saa mbili tatu baada ya kulala, nami nilikuwa nimemcheka. Haikupita dakika nikakiona: kiuzi cheupe, kifupi kama upana wa kidole, kimechomoza kwenye tupu ya nyuma na kinajipinda polepole kama kinachotafuta njia. Kikafuata cha pili.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimelipia kipimo cha choo kwenye kliniki moja ya mtaani. Majibu yakaja safi, hakuna kitu. Tukatoka na chupa ya dawa ya ameba, maana hapa Nairobi mtoto akilalamika na maabara isione kitu, hukosi ama ameba ama taifodi. Na wangu hata tumbo halikuwa linamuuma. Alikuwa anajikuna tu, halali, na asubuhi anasinzia kwenye gari la shule.

Tangu usiku ule nimenunua karibu kila dawa ya minyoo inayouzwa huku Umoja, nyingine kwa kujua na nyingine kwa kubabaishwa. Nikitangulia kukupa jibu: dawa tatu ndizo zinazofaa, na tofauti kati yao ni ndogo kuliko maneno ya wauzaji. Kinachoamua kama mtakuwa mmepona au mtarudi palepale ni hesabu, yaani watu wangapi wanalala katika nyumba hiyo, mara mbili. Kwa hiyo hapa chini kila dawa naipima kwa swali hilo. Je, unaweza kuinunulia nyumba nzima leo, na ukainunulia tena baada ya wiki mbili?

Ni minyoo gani hasa?

Sisi husema "minyoo" tukamaliza, lakini wako wa kila aina. Chango ni yule mrefu anayefanana na nyungunyungu. Safura huingia kwa ngozi ya mguu mtupu, na tegu hutoka kwenye nyama isiyoiva. Huyu mdogo mweupe wa uzi ana mambo yake. Wataalamu humwita Enterobius vermicularis. Mimi nitamwita mnyoo uzi. Jike ana urefu wa milimita 8 hadi 13, dume hafiki hata nusu ya hapo. Wanaishi mwanzoni mwa utumbo mpana, na usiku jike hujitoa nje kutaga mayai kwenye mikunjo ya ngozi ya tupu ya nyuma, zaidi ya 10,000 kwa jike mmoja. Mwasho unatoka hapo. Mtoto anajikuna, mayai yanaingia chini ya kucha, kucha zinaingia mdomoni. Baada ya saa nne hadi sita tu tangu yatagwe, mayai hayo yako tayari kumwambukiza mtu.

Angalia ambacho hakimo katika habari hiyo: udongo. Chango na safura wanahitaji udongo wenye joto na unyevu, ndiyo maana ni wa nchi za joto. Mnyoo uzi hana haja nao. Yuko Ulaya, yuko Marekani, na yuko hapa kwetu hata Julai tunapovaa masweta mawili. Anachotaka ni watoto wengi mahali pamoja, na Nairobi hiyo tunayo ya kutosha: dawati la watoto wawili linalokaliwa na wanne, kitanda kimoja cha ndugu watatu. Mtoto wa ghorofa ya nne asiyewahi kukanyaga tope anampata kama yule wa mabanda ya Mukuru. Paka na mbwa hawana hatia hapa, maana mnyoo huyu ni wa binadamu peke yake.

Kuhakikisha: choo, selotepu au tochi

Kipimo cha choo ndicho kibovu kuliko vyote kwa kazi hii, na ndicho kinachouzwa zaidi. Mayai hutagwa nje, kwa kawaida hayamo kwenye choo. Kipimo hicho huwaona minyoo uzi kwa wagonjwa 5 hadi 15 tu katika kila 100. Kama shida ni kuwashwa usiku bila kuhara wala damu, usikilipie.

Selotepu ndiyo njia ya kitaalamu. Iwe ile ya kuona upande wa pili, si ile ya kahawia ya kufungia maboksi. Asubuhi, kabla mtoto hajaoga wala kwenda msalani, unabandika upande wa gundi kwenye ngozi ya tupu ya nyuma, unabandua, unaigandisha kwenye kioo cha maabara au mfuko safi wa plastiki unaoonyesha, halafu unapeleka wakaitazame kwa hadubini. Asubuhi moja hunasa karibu nusu ya wagonjwa. Ukifanya asubuhi tatu mfululizo unafika kama 90 kwa 100. Shida yake ni kumpata mtu wa maabara anayejua unachozungumzia. Wa kwanza niliyempelekea alinitazama kama niliyemletea zawadi ya ajabu.

Tochi ni ya bure. Ukiona kiuzi kinachotembea, umemaliza upelelezi. Usipoona kitu usiku mmoja usijitangazie ushindi, rudia usiku wa pili na wa tatu. Mimi ningeanza na tochi, na selotepu ningeitafuta kama mtoto anaendelea kujikuna na sijaona kitu.

Kusaga meno, je? Nyanya yao aliapa kwamba mtoto akisaga meno usingizini ana minyoo, na kwamba minyoo yenyewe inaletwa na sukari. Meno husagwa na watoto wengi wasio na mnyoo hata mmoja, na sukari haitagi mayai. Sikubishana naye, lakini kwa hilo peke yake sinunui dawa.

Dawa tatu zinazofaa

*Albendazoli.* Hiki ndicho kidonge utakachopewa ukisema "nipe dawa ya minyoo" kwenye duka lolote la dawa. Zentel ni jina lake la zamani linalojulikana, lakini ziko za makampuni mengine tele, za bei nafuu na kazi ileile. Ni miligramu 400 kwa mara moja, mtoto wa miaka miwili na mtu mzima sawasawa. Anayetoka mwaka mmoja hadi hajafika miwili hupewa 200, na huyo ningempitisha kwanza kwa mhudumu wa afya. Haiui papo hapo. Inamzuia mnyoo kutumia sukari, anadhoofika na kufa njaa kwa siku kadhaa, kwa hiyo usishangae mwasho ukiendelea karibu wiki nzima. Uzuri wake ni hesabu. Hakuna kupima uzito, kidonge kimoja kichwa kimoja. Sisi ni watano, mara mbili, vidonge kumi, na mwenye duka hata kikokotoo haitaji. Tena inaua chango na safura njiani, kama wamo. Ubaya wake ni ukubwa wa kidonge kwa mtoto mdogo. Usimkabe pua ukamlazimisha, anaweza kupaliwa. Kisage kati ya vijiko viwili, changanya na maji, anywe kwa utaratibu.

*Mebendazoli.* Vermox ni moja ya majina yake. Ni ndugu wa albendazoli, inaua kwa njia ileile, na huingia kidogo sana kwenye damu, hubaki tumboni ilikoitwa kazi. Hapa ndipo nilipobabaishwa. Pakiti niliyopata ilikuwa na vidonge sita vya miligramu 100, na maelezo yakasema kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu. Nikamwuliza aliyekuwa kaunta (huku kwetu kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa ni daktari):

"Daktari, nina watu watano. Ninunue pakiti tano?"

"Eeh, mama. Kila mtu na yake."

"Na baada ya wiki mbili, tano tena?"

"Kwani unataka kurudia ya nini? Ukimaliza siku tatu umemaliza."

Amenikosea mara mbili. Siku tatu ni za chango, safura na minyoo mjeledi. Kwa mnyoo uzi ni kidonge kimoja tu cha 100, halafu kimoja tena baada ya wiki mbili. Pakiti moja ya sita, basi, inatosha watu watatu kwa awamu zote mbili, wala si mtu mmoja. Nilikuja kuelezwa na mfamasia wa duka kubwa la mjini, mwanamke mmoja asiye na haraka, akanichorea hesabu nyuma ya risiti. Ukipata hizi za 100, mebendazoli inaweza kuishinda albendazoli kwa bei. Ukipewa cha 500, hicho ni cha kumeza mara moja kwa minyoo wengine. Kwa kazi yetu si lazima.

*Piranteli.* Combantrin ndilo jina wanalolijua wengi. Hii haiui kwa njaa. Inampoozesha mnyoo, anaachia ukuta wa utumbo na kutoka na choo. Iko ya maji, tamu, watoto wanaikubali, na kwa anayetema kila kidonge hiyo ni nusu ya vita. Lakini inapimwa kwa uzito, miligramu 11 kwa kila kilo moja, isizidi gramu moja. Mwanangu wa kilo 20 ni miligramu 220. Chupa ikiwa na 250 katika kila mililita 5, huyo anapata kama mililita 4.4, kijiko cha dawa kikipungua kidogo. Sasa mpimie baba yake wa kilo 80. Ni miligramu 880, karibu mililita 18 kwa mtu mmoja, mara mbili. Chupa zikaanza kupangana kwenye kaunta hadi nikarudisha. Soma pia kibandiko, maana nguvu ya dawa hutofautiana chupa kwa chupa, na itikise kabla ya kumimina. Ningeichukua kwa mtoto mmoja msumbufu, wakubwa wote nikawapa vidonge. Kuchanganya hivyo ndani ya nyumba hakuna tatizo, mradi kila mtu ana yake na siku ni ileile.

Zile ambazo zitakupotezea pesa

Ketrax tuliokua nayo wote tunaikumbuka. Ni levamisoli, na sifa yake ni kwa chango; kwa mnyoo uzi si chaguo. Prazikwanteli ni ya kichocho na tegu, usikubali kuuziwa kwa mwasho. Piperazini ni ya zamani, inataka siku nyingi mfululizo, haifai kwa mwenye kifafa, na ikikutana na piranteli kila moja inaivunja nguvu mwenzake. Ikiwa bado iko kwenye kabati la nyanya, ibaki huko.

Halafu kuna za nyumbani. Mbegu za papai nimezijaribu mimi mwenyewe kabla ya kumpa mtoto; ni kali kama pilipili manga, na sijaona ushahidi wa kutosha kwamba zinamwondoa huyu wa uzi. Kitunguu saumu kwenye tupu ya nyuma kinaunguza ngozi ambayo tayari imechunwa na kucha, mtoto analia usiku kucha. Shubiri humharisha mtoto akakosa maji mwilini. Mafuta taa usiyaguse, yakimwendea mapafuni ni hatari kubwa. Kitu cha nyumbani ninachokikubali ni mafuta mazito ya kupaka, kidogo, wakati wa kulala. Hayatibu, ila yanatuliza mwasho mtoto apate usingizi.

Mara moja, kila miezi mitatu, au wiki mbili?

Hapa ndipo ningekuomba utulie, maana hata ukichagua dawa nzuri, ukikosea hapa pesa imekwenda.

Dawa zote tatu zinaua minyoo, mayai zinayaacha. Yale mayai yaliyo kwenye shuka, kwenye kucha na kwenye mpini wa mlango yanaweza kukaa hai wiki mbili hadi tatu penye unyevu. Mtu akiyameza leo, kutoka siku hiyo hadi mnyoo mpya aanze kutaga ni kama mwezi mmoja. Sasa fikiria kidonge cha pili siku ya 14. Waliozaliwa na mayai yaliyobaki wameshaanguliwa, kwa hiyo dawa inawapata, na bado hawajakomaa kutaga. Unawafyeka katikati.

Linganisha na mazoea yetu ya "dawa ya minyoo kila miezi mitatu". Kidonge kimoja kinaua wakubwa, mayai yanabaki, na miezi mitatu ni nafasi ya vizazi viwili vizima kukua na kutaga. Mtoto anatulia wiki tatu nne, halafu mkono unarudi nyuma. Mama anasema dawa ni feki. Si feki, kalenda ndiyo mbovu.

Na shuleni je? Mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa ya minyoo ulianza 2009 na kupanuliwa 2012, ukielekezwa zaidi magharibi mwa nchi na Pwani, ambako minyoo wa udongo na kichocho wamekithiri. Umefanya kazi kubwa huko. Vivyo hivyo wiki za Malezi Bora za Mei na Novemba, zenye vitamini A na dawa ya minyoo kwa walio chini ya miaka mitano. Lakini zote mbili zinawinda wale wa udongo. Mtoto anapewa albendazoli mara moja, anarudi kulala na ndugu ambao hawakupewa kitu. Kama mtoto amepewa shuleni, shukuru, na ihesabu kuwa awamu ya kwanza ikiwa tu nyumba nzima itameza siku hiyohiyo.

Usafi, na maji ya mgao

Makala nyingi zitakuambia ufue kila kitu kila siku kwa maji ya moto. Waandishi wake hawajapata mgao wa maji. Kwetu maji huja siku mbili kwa wiki, nyingine ni mitungi ya lita 20 ya kununua, kwa hiyo lazima uchague.

Ukiwa na mtungi mmoja: kucha za wote zikatwe fupi, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya msalani na kabla ya kula, na mtoto aoge asubuhi. Kuoga jioni hakusaidii sana hapa, maana mayai hutagwa usiku. Amwagiwe maji kwa kopo akiwa amesimama. Akikaa kwenye beseni na ndugu yake akafuata, mayai yanagawanwa humo humo. Ukiwa na wa pili: chupi safi kila asubuhi, na shuka siku ya dozi. Usizikung'ute, kunja kwa ndani uzipeleke hivyo, kwa sababu mayai ni mepesi na hupeperuka. Maji yawe moto kiasi ambacho mkono hauvumilii, kisha shuka zianikwe juani na kupigwa pasi. Ukipata wa tatu, panguza sakafu kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu huyatawanya tu. Kapeti na godoro usijisumbue kuviosha, viburute nje juani.

Zile chupa za vitakasa mikono zilizobaki shuleni tangu Korona haziui mayai haya. Sabuni na maji yanayotiririka huyaondoa. Na mtoto hana sababu ya kukaa nyumbani: akishameza dozi ya kwanza, akaoga, akakatwa kucha, aende darasani. Mwalimu wake nilimweleza pembeni, kwa sauti ya chini. Akaniambia nilikuwa mzazi wa tatu muhula huo.

Wasiomeza bila kuuliza

Mjamzito, hasa wa miezi mitatu ya kwanza, asimeze yoyote kati ya hizi kabla ya kuongea na kliniki. Mara nyingi ataambiwa ashike usafi kwanza. Walio chini ya miaka miwili vilevile. Msichana anayewashwa pia mbele, au anayelia akikojoa, aonwe na daktari, kwa sababu minyoo hawa hupotea njia na kuingia ukeni, na mtu anaweza kumtibu mkojo miezi mitatu bila kujua chanzo.

Chaguo langu, basi, kwa nyumba ya kawaida ni albendazoli au mebendazoli ya 100, ile utakayopata kwa bei ya kuinunua yote siku moja, awamu mbili kwa mkupuo. Nanunua zote pamoja makusudi. Nikinunua nusu, siku ya 14 hukuta pesa imeshaenda kwa gesi. Vidonge vya pili naviweka kwenye bahasha juu ya friji, tarehe imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Mara ya kwanza tulifanya hayo yote, watano, awamu mbili, shuka juani. Wiki ya sita mkono ukarudi nyuma. Nikawasha tochi, kiuzi hicho. Nikahesabu tena waliomeza, kichwa kwa kichwa, nikafika watano, nikaridhika, nikaanza kuilaumu dawa. Ni binti yangu aliyeniuliza, tukiwa mezani, "Mama, na Auntie Rose?" Dada anayenisaidia nyumbani, anayemwogesha, anayemlisha, anayelala naye chumba kimoja Jumatatu hadi Ijumaa na Jumamosi anarudi Kayole kwa wanawe wawili. Nilikuwa nimehesabu wenye jina langu tu. Nikarudi dukani nikanunua kumi na sita.